Anayeuliza Ni Nani?

Nyumbani kwetu Mombasa wazee hawasemi kitambulisho. Husema kipande. Usitoke bila kipande. Kipande changu kimepotea, sijui kama nimekisahau kwenye matatu. Na sisi tuliokuja nyuma tumelirithi neno hilo, tunalitumia kila siku bila kujiuliza lilikotoka.

Lilitoka shingoni mwa watu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa abebe karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma na kikasha kikaning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika siku mtu alipoingia kazini na siku alipoondoka. Aliyeondoka bila kuandikiwa alihesabiwa mtoro. Mwaka 1921 Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa, na alipokamatwa Machi 1922 umati uliokwenda kumdai ulipigwa risasi.

Katika habari hiyo yote, mimi hunishika ile safu ya mshahara. Fikiria mtu ametoka shamba moja anakwenda jingine kutafuta riziki. Anachohitaji kuthibitisha ni kwamba aliwahi kufanya kazi na kwamba hakutoroka. Basi. Lakini bwana mpya anafungua kikasha, anaona mshahara wa zamani, na mazungumzo ya malipo yamekwisha kabla hayajaanza. Huyu mtu amebeba shingoni mwake shahidi anayemsemea mengi kuliko anayotaka yeye, tena kwa maandishi ambayo mara nyingi yeye mwenyewe hawezi kuyasoma.

Kwa hiyo watu wa teknolojia wanapokuja na ahadi ya kitambulisho cha kidijitali ambacho mwenyewe anachagua aonyeshe nini na afiche nini, siwezi kuwacheka, ingawa ahadi zao nyingi huchekesha. Wanaahidi kukigeuza kipande. Wanasema mbebaji ndiye atakayeamua kikasha kifunguke kiasi gani.

Wazo lenyewe ukilipunguzia makelele ni hili. Ofisi inayokutambua, tuseme idara ya usajili, inakupa taarifa zako zikiwa zimetiwa sahihi ya kidijitali, na zimegawanywa kama bahasha ndogo ndogo: ya jina, ya tarehe ya kuzaliwa, ya mahali ulikozaliwa. Wewe unaziweka kwenye simu. Akija mtu anayetaka kujua jambo moja, unamfungulia bahasha moja, naye anaweza kuhakikisha kwamba sahihi ni ya idara na haijachezewa. Kuna hata njia ya hisabati ya kuthibitisha kwamba umetimiza miaka 18 bila kutaja ulizaliwa lini. Hili si jambo la jana. Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff waliandika kuhusu uthibitisho wa aina hiyo, usiofichua chochote zaidi ya ukweli wa neno lenyewe, mwaka 1985. Mwaka huo huo David Chaum alikuwa akieleza jinsi mtu anavyoweza kuaminiwa na mashirika mengi bila mashirika hayo kuweza kuunganisha habari zake.

Na blokicheni je? Mahali pake ni padogo kuliko makelele yake. Ni daftari linalonakiliwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, hivi kwamba hakuna mmoja anayeweza kufuta ukurasa kimya kimya. Katika mpango uliotengenezwa kwa akili, taarifa zako haziandikwi humo hata kidogo. Kinachoandikwa ni ufunguo wa wazi wa ile ofisi iliyotia sahihi, ili anayekagua aulize daftari badala ya kuipigia ofisi simu. Faida yake si ndogo: ofisi haipati kujua leo umeonyesha kitambulisho wapi, kwenye baa, kwenye kliniki au kwenye mkutano wa chama. Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya, ilianza kuwapa raia wake kitambulisho cha namna hii mwaka 2023. Binafsi naona orodha ya funguo iliyowekwa wazi kwenye tovuti inayoaminika ingefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo, lakini huo ni ugomvi wa mafundi na sitauingilia sana. Ninalotaka kusema ni jingine.

Hebu mpe yule mtu wa kikasha simu. Mpe pochi ya kidijitali, bahasha zote zimefungwa vizuri, safu ya mshahara imejificha. Anasimama mbele ya bwana shamba na kumfungulia bahasha moja: nilifanya kazi, sikutoroka. Bwana anamwambia: fungua na ile ya mshahara, au nenda zako.

Atafanya nini?

Mafundi wanaiita hali hii ridhaa. Mtu amebonyeza kitufe mwenyewe kwa kidole chake, kwa hiyo ameridhia. Na kweli, kwa upande wa hisabati hakuna kilichovunjwa. Bahasha haikupasuliwa; imefunguliwa na mwenyewe. Lakini kila mtu aliyewahi kutafuta kazi, nyumba ya kupanga au kitanda cha hospitali anajua kwamba kitufe hicho kimebonyezwa na mkono mwingine.

Tusiende mbali. Ingia jengo lolote la ofisi katikati ya Nairobi. Getini pana meza, juu ya meza pana kitabu kikubwa, na mlinzi anaomba kitambulisho. Kinaandikwa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kumwona nani, saa ngapi. Wakati mwingine kadi yenyewe hubaki mezani mpaka utoke. Na kadi hiyo imebeba tarehe yako ya kuzaliwa na mahali ulikozaliwa, na katika nchi yetu ukijua mahali mtu alikozaliwa na majina yake matatu umeshajua kabila lake, na baada ya yaliyotokea mwanzoni mwa 2008 hakuna anayeweza kuniambia hiyo ni habari ndogo. Namfahamu binti mmoja aliyeanza kupokea ujumbe wa mapenzi kutoka namba asiyoijua siku hiyo hiyo aliyoandika simu yake kwenye kitabu cha namna hiyo. Alibadilisha laini. Yeye ndiye aliyebadilisha.

Siku moja nilimuuliza mlinzi, kwa upole tu, kwa sababu foleni haikuwa ndefu. "Kaka, hii namba ya kitambulisho mnaifanyia nini?"

"Madam, mimi naandika tu vile niliambiwa."

"Na kitabu kikijaa kinakwenda wapi?"

Akacheka. "Hiki kiko hapa. Cha mwaka jana sijui kilienda wapi, pengine kiko huko stoo."

Si wa kulaumiwa yule. Yeye mwenyewe amesimama hapo saa 12 kwa mshahara mdogo, na taarifa zake zote ziko kwa kampuni iliyomwajiri, tangu alama za vidole mpaka jina la mtu wa kupigiwa simu akifa. Aliyeamua kwamba kitabu kiwepo hayupo getini. Hana uso. Mimi nimeonyesha jina, namba na sura. Yeye anayeniuliza sijui ni nani, anataka nini, wala atayaweka majibu yangu muda gani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema wazi kwamba taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu kwa kusudi lililotajwa. Sheria ipo kwenye karatasi. Kitabu nacho kipo mezani.

Hapo ndipo swali linapoacha kuwa la ufundi. Tumezoea kuuliza, je, mtu ana haki ya kuficha? Nadhani tumelishika swali kwa mkia. La kuuliza kwanza ni, je, huyu anayeuliza amepata wapi haki ya kujua?

Kiswahili cha pwani kina neno stara. Stara si siri, na wala si uongo. Siri ni jambo uliloficha. Stara ni heshima ya kutolazimika kuonekana. Nguo ni stara. Pazia la mlangoni ni stara, na hakuna jirani mwenye akili anayesimama mbele ya pazia akauliza, "Mnaficha nini humo ndani?" Lakini mtu huyo huyo, akishakaa nyuma ya dawati, haoni ajabu kukuambia kwamba kama huna cha kuficha huna cha kuogopa.

Utaniambia, mbona wahenga wamesema mficha uchi hazai? Wamesema, na wamesema kweli. Ila tuitazame methali hiyo vizuri. Mwanamke anayejifungua hafichi uchi wake mbele ya mkunga. Haimaanishi anatoka barazani. Anajua anamfunulia nani, kwa sababu gani, na mkunga naye anajua kwamba aliyoyaona chumbani yanabaki chumbani; mkunga mwenye mdomo haitwi mara ya pili. Kwa macho yangu hiyo ndiyo methali ya kufichua kwa kuchagua, na imekuwepo kabla ya kompyuta ya kwanza. Uzito wake wote uko kwa mkunga.

Sasa, mkunga ana haki ya kuona kwa nini? Kwa sababu asipoona, mtu atakufa. Nadhani hapa ndipo pa kuanzia. Haki ya kujua hutokana na hasara itakayompata mtu kwa kutojua. Dini iliyotulea wengi wetu huku pwani inalipambanua jambo hili vizuri kuliko sheria nyingi: muuzaji anayeficha kasoro ya bidhaa anatenda dhambi, na anayemsitiri mwenzake kwa aibu yake anapata thawabu. Ukisikia haraka utadhani mafundisho hayo mawili yanapingana. Hayapingani. Mnunuzi wa ng'ombe mgonjwa atapata hasara asipoambiwa. Mpita njia anayetaka kujua jirani yangu aliachika kwa nini hana hasara yoyote, ana hamu tu.

Na hapa lazima niwabane wapenzi wa pochi za kidijitali pia, maana kuchagua kuna ubaya wake. Chukua mtu anayekuja kuposa. Anaonyesha uthibitisho uliotiwa sahihi na kukaguliwa: ametimiza umri, ana kazi, hana kesi mahakamani. Kila bahasha ni kweli tupu. Ile ya mke aliye Lamu na watoto watatu haikufunguliwa. Je, amedanganya? Hisabati itasema hapana. Wazee waliokuja kupokea posa watasema amedanganya, na mimi niko upande wa wazee. Kwa desturi familia huuliza huku na huku, kwa majirani, msikitini, kazini, kwa sababu inajua kwamba kweli iliyochaguliwa na mwenye maslahi yake si kweli yote. Binti atakayeolewa ndiye mwenye hasara. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Chombo kinachompa kila mtu uwezo wa kuonyesha upande mzuri pekee, tena ukiwa na muhuri wa serikali, kinaweza kuwafanya watu waache kuuliza. Muhuri hupumbaza.

Kwa hiyo sitetei kuficha kwa ajili ya kuficha. Natetea kwamba anayeuliza aonyeshe hasara yake kwanza.

Lakini kuna mahali ambapo hata hilo halitoshi, na siwezi kuandika juu ya vitambulisho katika sehemu hii ya dunia nikakwepa kupataja. Wabelgiji walipowasajili watu wa Rwanda katika miaka ya 1930, kadi iliandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulikuja, serikali zikabadilika, mstari huo ukabaki. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliamriwa watoe kadi, na neno moja kwenye kadi liliamua nani apite na nani auawe. Asiyekuwa na kadi alishukiwa kwa kutokuwa nayo.

Nimewasikia watu wakisema kwamba ile ndiyo hoja kuu ya kitambulisho cha kuchagua: kama mstari ule ungeweza kufichwa! Mimi nasoma somo tofauti. Mbele ya mtu mwenye panga, bahasha iliyofungwa ni jibu tosha. Kukataa kufungua ni kukiri. Chombo kinachokupa uwezo wa kuficha kinafaa pale tu anayekuuliza anaweza kukubali kukataliwa, na kwenye kizuizi hakuna wa kukubali. Ambacho kingepunguza mauaji yale, japo kidogo, ni mstari ule kutoandikwa tangu mwanzo, miaka 60 kabla. Serikali iliyokuja baada ya mauaji iliuondoa kwenye kadi. Haikuuficha. Iliuondoa.

Tofauti hiyo, kati ya kisichoonyeshwa na kisichokusanywa, ndiyo inayopotea katika hotuba za blokicheni. Ili nikufungulie bahasha moja bila kukuonyesha nyingine, lazima mtu fulani aliyejua mengi awe amezitia sahihi. Pochi inanilinda na mlinzi wa getini. Kwa yule aliyejaza bahasha hainisaidii chochote.

Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutumia blokicheni katika kambi ya Azraq, nchini Yordani. Mkimbizi wa Syria anafika dukani kambini, anatazama mashine, mboni ya jicho lake inatambuliwa, na gharama ya unga na mafuta inakatwa kwenye hesabu yake. Haraka, wizi mdogo, gharama za benki zimepungua. Yote mazuri. Lakini tazama ufunguo uko kwa nani. Mkimbizi hana. Daftari ni la kisasa, ila yeye ameshika kile kile alichoshika mtu wa kipande, yaani mwili wake. Na akisema leo sitaki kutazama mashine, nipeni unga kwa njia nyingine?

Kwetu tulipata funzo letu mwaka 2023. Worldcoin walipokuja na duara lao la kung'aa, Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi wakapigwe picha ya mboni ili wapate tokeni zilizokuwa na thamani ya karibu shilingi 7,000. Kwa maelezo yao, mpango ule ni mfano wa kitabu wa kufichua kidogo: picha inageuzwa kuwa msimbo, na kinachothibitishwa ni kwamba wewe ni binadamu, na kwamba hujasajiliwa mara mbili, pasipo jina wala namba. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba ukusanyaji ule ulikiuka sheria ya ulinzi wa data, ikaamuru taarifa za kibayometria zifutwe.

Watu waliwacheka sana waliopanga foleni. Eti wameuza macho. Mimi sikuweza kuwacheka. Mwezi ule bei ya unga ilikuwa juu, na kijana aliyeulizwa kwa nini amekuja alisema alichosema kila mtu: ni pesa ya bure. Ridhaa yake ilikuwa ya kweli kama ridhaa ya yule mtu mbele ya bwana shamba. Aibu, kama ipo, ni ya aliyejua kwamba shilingi 7,000 zitatosha. Tena nywila ikiibwa hubadilishwa. Mboni ya jicho ukishaitoa umeitoa.

Mahali ambapo nimeona swali likigeuzwa vizuri ni Ulaya, na sikutarajia. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya pochi za utambulisho, iliyoanza kutumika Mei 2024, haimlazimishi yeyote kutumia blokicheni. Inayo mambo mawili yanayonivutia zaidi. La kwanza, kampuni au ofisi inayotaka kuomba taarifa kupitia pochi lazima yenyewe ijisajili, itaje inataka taarifa gani na kwa matumizi gani, na isiombe zaidi ya ilivyotaja. La pili, pochi ni ya hiari, na asiyeitumia asinyimwe huduma wala kuwekwa nyuma. Sijui kama watayatimiza. Benki na majukwaa makubwa yana mawakili wengi. Lakini angalau mtu aliyeiandika sheria hiyo alitambua kwamba mzigo ni wa anayeuliza, na kwamba hapana isiyo na mahali pa kwenda si hapana.

Ukiniuliza nitaipimaje siku ikifika kwetu, kwa jina lolote itakalopewa, sitaangalia daftari lina kompyuta ngapi. Nitamtafuta bibi mmoja wa Mji wa Kale asiye na simu ya kisasa, ambaye vidole vyake vimesuguliwa na miaka ya kukuna nazi na kufua hata mashine ya alama za vidole haimsomi. Nitataka kujua kama amepata dawa zake siku hiyo bila kusimama juani, na bila kumpa mjukuu simu na siri zake zote amshikie.

Kuna jengo moja Mombasa ninalokwenda mara kwa mara, la ghorofa tatu, lina ofisi za mawakili na kliniki ya meno. Bawabu wake ni mzee. Hana kitabu. Ukifika anakuuliza unakwenda kwa nani, anainua simu ya mezani na kusema, "Una mgeni hapa, ajiita fulani." Juu wakisema ndiyo, unapanda. Wakisema hawakujui, unarudi ulikotoka, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulifika.